MFAHAMU AHMED BIN SALMAN, MWARABU WA KWANZA KUTWAA KENTUCKY DERBY

Leo naweka kando siasa na mpira wa Ulaya. Nawaletea habari za mtu ambaye jina lake huku kwetu halitajwi kabisa, ingawa jina la baba yake na la mdogo wake mnalisikia kila siku kwenye taarifa ya habari. Baba yake ni Mfalme Salman wa Saudi Arabia. Mdogo wake kwa baba ni Mohammed bin Salman, yule ambaye dunia nzima inamwita MBS. Yeye mwenyewe aliitwa Ahmed, na alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 43 tu. Kama umelipia nusu saa usiwe na wasiwasi, utamaliza kusoma na muda utabaki.

Kilichonifanya nimkumbuke ni matokeo ya Mei 2025. Farasi anayeitwa Sovereignty, mali ya Godolphin, yaani zizi la Sheikh Mohammed wa Dubai, alishinda mbio za Kentucky Derby kule Marekani. Magazeti yakaandika kwamba mzee hatimaye kapata alichokuwa anakitafuta kwa miaka na miaka. Ni kweli. Lakini wachache walikumbuka kwamba miaka 23 kabla yake kuna Mwarabu mwingine alikwishafika pale, kwa njia tofauti kabisa, na hakuishi hata miezi mitatu baada ya ushindi wake.

Kwanza kwa wale ambao mbio za farasi hawazijui, niwaelezee kidogo. Marekani kuna mbio tatu kubwa za farasi wenye umri wa miaka mitatu. Kwa kawaida ya kwanza ni Kentucky Derby, mjini Louisville, Jumamosi ya kwanza ya Mei, mita kama 2,000. Ya pili ni Preakness, kule Baltimore, wiki mbili baadaye, mita kama 1,900. Ya tatu ni Belmont, New York, wiki tatu baada ya hapo, mita kama 2,400. Farasi akishinda zote tatu ndani ya wiki tano hizo anapata kile wanachokiita Taji la Mara Tatu. Na kwa kuwa ni za wenye miaka mitatu tu, farasi ana nafasi moja maishani. Ukikosa mwaka huu, huyo hutamrudisha mwakani, inabidi uanze upya na mwingine.

Sasa ugumu uko wapi? Ulaya farasi wanakimbia kwenye majani, wanaanza taratibu na kumaliza kwa kasi. Derby ya Marekani ni kwenye udongo. Lango likifunguka tu ni mbio moja kwa moja, farasi wanafika mpaka 20, vumbi au tope linakurukia usoni, na kelele za watu zaidi ya laki moja. Farasi aliyelelewa kwenye majani ya Ufaransa au kwenye utulivu wa jangwani anachanganyikiwa.

Matajiri wa nje walijaribu. Mwaka 1971 Canonero II alitoka Venezuela, farasi aliyenunuliwa kwa dola 1,200 tu, akawashangaza wote kwa kushinda Derby na Preakness. Huyo tuseme alikuwa mtoto wa maskini. Wenye noti walipata tabu zaidi. Mwaka 1992 Arazi aliletwa kutoka Ufaransa, nusu yake mali ya Sheikh Mohammed, watu wote wakampa yeye ushindi, akamaliza wa nane. Kuanzia 1999 Godolphin wakawa wanafanya jambo jingine: farasi wanakaa Dubai majira ya baridi, wanafanyia mazoezi huko, halafu wanapandishwa ndege kwenda Kentucky. Mwaka 1999, 2000, 2001, 2002, hakuna hata mmoja aliyeingia tano bora. Aliyefanikiwa ni Mjapani, Fusao Sekiguchi, mwaka 2000. Farasi wake Fusaichi Pegasus alimnunua mnadani kwa dola milioni 4, akamwacha mikononi mwa mkufunzi wa Marekani.

Hapo ndipo anapoingia mtu wetu.

Ahmed bin Salman alizaliwa Riyadh mwaka 1958. Baba yake alikuwa gavana wa jiji hilo kwa miongo mingi kabla ya kuwa mfalme Januari 2015. Familia yao haikuwa ya watu wa kukaa tu. Kaka yake Sultan alipanda chombo cha anga cha Discovery mwaka 1985, akawa Mwarabu wa kwanza kwenda anga za juu. Kaka yake mkubwa Fahd aliwahi kuliko yeye kwenye farasi: mwaka 1991 farasi wake Generous alishinda Derby ya Uingereza, ile ya Epsom, ambayo ndiyo mama wa Derby zote. Ahmed mwenyewe kazi yake ilikuwa habari. Alikuwa mwenyekiti wa kampuni kubwa ya uchapishaji ya Saudia inayotoa magazeti ya Asharq Al-Awsat na Arab News. Kwa hiyo wadau, huyu alikuwa bosi wa waandishi, mtu wa fani yetu.

Ujana wake aliusomea Marekani, California. Kule akawapenda farasi na akafahamiana na mkufunzi mmoja anayeitwa Richard Mulhall. Naomba muushike urafiki huu, maana ndio ulioamua mengine yote. Wenzake wa Ghuba walikuwa na mazoea ya kuhamisha farasi na kuajiri watu wao. Ahmed alimkabidhi Mulhall, mwenyeji wa California, usimamizi wa zizi lake lote, lililoitwa The Thoroughbred Corporation. Na farasi akawagawa kwa wakufunzi bora wa kila mahali. Ulaya alimpa Henry Cecil, na mwaka 1999 farasi wao Oath akashinda Derby ya Epsom. Hapo ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, Fahd na Ahmed, kila mmoja akawa na Derby yake ya Uingereza. Marekani aliwapa kina Wayne Lukas na, muhimu kuliko wote, Bob Baffert, yule mzee wa nywele nyeupe na miwani myeusi ambaye alikuwa ameshinda Kentucky Derby mbili mfululizo, 1997 na 1998.

Derby ya Kentucky ndiyo aliyoitaka. Mwaka 2000 alipeleka farasi Anees, bingwa wa mbio kubwa za farasi wa miaka miwili mwaka uliotangulia. Akamaliza wa 13. Mwaka 2001 akaja na kitu kizito kweli kweli. Farasi huyu alizalishwa na zizi lake mwenyewe, hakununuliwa mnadani. Aliitwa Point Given, mwili mkubwa, rangi nyekundu-nyekundu, tabia ya ukorofi, wenyewe walimpa jina la utani la yule mjusi mkubwa wa kale, T-Rex. Kila mtu alimpa ushindi. Derby ikapigwa, Point Given akawa wa tano.

Kilichouma zaidi ni yaliyofuata. Wiki mbili baadaye Point Given alishinda Preakness. Wiki tatu baada ya hapo akashinda Belmont kwa kuwaacha wenzake urefu wa farasi 12. Kisha akashinda Haskell na Travers, mbio nyingine mbili zenye zawadi isiyopungua dola milioni moja kila moja. Mbio nne za milioni mfululizo, hakuna farasi aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Halafu akaumia mshipa wa mguu, akastaafishwa. Alichaguliwa Farasi Bora wa Mwaka 2001 Marekani. Yaani alikuwa na farasi bora kuliko wote nchini, na siku moja tu mbaya ilimnyima Taji la Mara Tatu. Ukishapata huyo ukakosa, utampata wapi mwingine?

Mwaka huo huo Julai, kaka yake Fahd alifariki ghafla, akiwa na miaka 46. Na Septemba 11 ilipotokea, Ahmed alikuwa Kentucky kwenye mnada mkubwa wa farasi wa Keeneland. Siku chache baadaye aliondoka Marekani kwa ndege pamoja na Wasaudi wengine. Kuanzia hapo kuwa mwanamfalme wa Saudia kwenye uwanja wa Marekani halikuwa jambo jepesi tena. Watekaji 15 kati ya 19 walikuwa raia wa nchi yake, na watu walimtazama kwa jicho hilo.

Tufike 2002. Aprili ilipoanza Ahmed hakuwa na farasi wa maana wa Derby. Baffert naye hivyo hivyo. Tarehe 6 Aprili, kwenye uwanja mdogo karibu na Chicago, zikakimbiwa mbio za Illinois Derby ambazo wakubwa wengi hawazijali. Farasi mmoja alitoka langoni akaenda mbele na hakufikiwa na mtu mpaka mwisho, akashinda kwa urefu wa farasi sita na kitu. Jina lake War Emblem. Rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyoiva mpaka karibu nyeusi, na alikuwa mkali, mwenye tabia ya kung'ata. Mmiliki wake alikuwa mfanyabiashara wa Illinois, Russell Reineman, na alikuwa tayari kumuuza. Tatizo lilikuwa moja: picha za eksirei zilionyesha vipande vidogo vya mfupa vilivyolegea kwenye viungo vya miguu yake. Wanunuzi walimwogopa.

Baffert hakumwogopa. Alimwona kwenye mbio zile na akamwambia Ahmed kwamba huyu ndiye. Zikiwa zimebaki wiki tatu kufika Derby, Ahmed akalipa dola 900,000 kwa asilimia 90 ya farasi. Reineman akabaki na asilimia 10. Kwa mtu wa kawaida hizo ni hela za kutisha, lakini kwa soko lile ni bei ya kati. Kumbukeni Fusaichi Pegasus alinunuliwa kwa milioni 4 kabla hajakimbia hata mara moja.

Mei 4, 2002. Farasi 18 langoni, watu zaidi ya 140,000 uwanjani Churchill Downs. War Emblem hakuaminiwa. Aliyeweka dola moja kwake angepata faida ya dola 20 na nusu. Mpanda farasi Victor Espinoza, kijana kutoka Mexico, alimwachia atoke mbele kama alivyofanya Illinois. Wengine wote wakadhani atachoka. Hawakumkimbiza. Walipoanza kumkimbiza ilikuwa wamechelewa, War Emblem akavuka mstari akiwa mbele kwa urefu wa farasi wanne. Ahmed bin Salman akawa Mwarabu wa kwanza kumiliki mshindi wa Kentucky Derby.

Shangwe zilikuwepo, lakini na maneno pia. Waandishi kadhaa wa Marekani walisema huyu hakushinda Derby, aliinunua. Eti wenzake wanalea farasi tangu akiwa mtoto, wanaamka alfajiri miaka mitatu, yeye amekuja na hundi wiki tatu kabla na kuondoka na kombe. Na chini ya maneno hayo, miezi minane tu baada ya Septemba 11, mlikuwa na maneno mengine ambayo hayakuhitaji kusemwa kwa sauti.

Mimi kwenye hili nina msimamo wangu. Kama Derby inanunulika kirahisi, kwa nini Godolphin, wenye fedha kumzidi, hawakuipata mpaka 2025? War Emblem alikuwa sokoni, kila tajiri aliweza kumnunua, na waliomkagua wakamkimbia. Alichokuwa nacho Ahmed ni masikio. Alikuwa ametumia miaka mingi kujenga uhusiano na wenyeji wanaoujua udongo ule, na walipomwambia lete fedha leo, alileta leo. Pia tusisahau kwamba njia ile nyingine, ya kuzalisha na kulea na kusubiri, alikwishaipita na Point Given, na ikamwangusha. Anayesema alichukua njia ya mkato anasahau huyo mwingine aliyekuwa wa tano.

Mei 18 War Emblem akashinda Preakness pia, safari hii kwa taabu, mpinzani akimpumulia kabisa. Ikabaki Belmont. Tangu Affirmed mwaka 1978 hakuna farasi aliyekuwa amepata Taji la Mara Tatu, miaka 24. Zawadi ya ziada ya dola milioni 5 ilikuwa inasubiri. Juni 8 watu 103,222 wakajaa uwanjani New York, rekodi ya wakati huo. Mtu mmoja hakuwepo: mwenye farasi. Ahmed alibaki Saudia kwa sababu za kifamilia.

Lango lilipofunguka War Emblem alijikwaa, akashuka karibu kupiga magoti. Farasi ambaye maisha yake yote ni kwenda mbele akajikuta nyuma ndani ya sekunde moja. Alijaribu kurudi, akafika mbele kwa muda, pumzi ikakata. Akamaliza wa nane. Mshindi alikuwa Sarava, ambaye aliyeweka dola moja kwake alipata faida ya zaidi ya dola 70. Mpaka leo hakuna mshindi wa Belmont aliyedharauliwa kuliko huyo.

Wiki sita baadaye, Julai 22, 2002, Ahmed bin Salman alifariki mjini Riyadh kwa shambulio la moyo. Alikuwa na miaka 43. Kutoka siku ya Derby mpaka siku ya kifo chake ni siku 79. Kaka yake Fahd alikuwa hajatimiza mwaka kaburini. Wazazi wao wakazika watoto wawili ndani ya miezi 12.

Hapa nijibu swali ambalo najua mtakuja nalo, maana mkiandika jina lake kwenye intaneti mtalikuta. Mwaka 2003 mwandishi wa Marekani Gerald Posner alitoa kitabu kilichodai kwamba mfungwa mmoja wa al-Qaeda alimtaja Ahmed kuwa na mawasiliano na kundi hilo. Upande wa Saudia ulikanusha. Ushahidi wa kuthibitisha madai hayo haukuwahi kuwekwa hadharani, na marehemu hakuwa na nafasi ya kujibu. Nimeyataja ili msiseme nimeficha, ila kwangu tuhuma isiyothibitishwa dhidi ya mtu aliyekwisha zikwa inabaki tuhuma.

Farasi wake alimzidi umri wa ushindi. Siku chache baada ya msiba War Emblem alishinda Haskell, na mwisho wa mwaka akachaguliwa bingwa wa madume wa miaka mitatu. Zizi likavunjwa, farasi wakauzwa. War Emblem alinunuliwa na Wajapani kwa takriban dola milioni 17 ili awe dume la mbegu. Sasa sikilizeni kituko: alipofika Japani akawa hawataki majike! Wataalamu walihangaika naye miaka na miaka, akaishia kuzaa watoto mia moja na kidogo kwa kipindi chote, idadi ambayo dume maarufu anaipata kwa msimu mmoja. Mwaka 2015 alirudishwa Kentucky kwenye shamba la kutunzia farasi wastaafu linaloitwa Old Friends, na huko alifariki Machi 2020.

Na lile taji? Mwaka huo huo wa 2015 American Pharoah alilitwaa, baada ya miaka 37 ya ukame. Mkufunzi: Bob Baffert. Mpanda farasi: Victor Espinoza. Mmiliki: Ahmed Zayat, mzaliwa wa Misri. Kazi ilimalizwa na watu wale wale wawili, chini ya Ahmed mwingine.

Nimalizie na Sovereignty. Farasi yule wa 2025 alizalishwa na Godolphin wenyewe, lakini hakulelewa Dubai. Alikuwa mikononi mwa Bill Mott, mkufunzi wa Marekani, kwenye udongo wa Marekani tangu mwanzo. Sheikh Mohammed alifika alikotaka kwa kutumia mlango ambao Ahmed bin Salman aliupita mapema. Na nyumbani kwao Riyadh, tangu 2020 zinakimbiwa mbio za Saudi Cup zenye zawadi ya dola milioni 20, na Wamarekani ndio wanaopanda ndege kuzifuata. Ahmed angekuwa hai mwaka huo wa kwanza angekuwa na miaka 61.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Yule aliyelea Point Given akakosa, na yule aliyemnunua War Emblem akapata, ni mtu mmoja. Nyie mnaonaje, alishinda Derby au aliinunua? Tupeane hoja kwenye maoni hapo chini, matusi sitaki.